Hamnazo

Miongoni mwa matusi ya Kiswahili sijui lililoundwa kwa ufundi kama neno "hamnazo". Watoto wa mtaa wetu wa Ngamiani, mjini Tanga, walikuwa wakilipiga kelele nyuma ya mjomba wangu alipopita na daftari lake kwapani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nami nikiwa miongoni mwao nililisikia kwa miaka kadhaa bila kulitazama. Siku nilipolitazama niliona kwamba ni jibu analopewa mtu aliyebisha hodi. Ndani hamna. Hamna nini? Hamna zo, yaani akili. Mwenye kulisema hamkashifu mtu mwenyewe bali anaitazama nyumba, anasukuma mlango, anachungulia, kisha anatoa taarifa kwa waliosimama barabarani kwamba wenyewe hawapo.

Lugha hii ina maneno mengi ya aina hiyo, na kila moja lina maelezo yake juu ya kilichotokea. Punguani ni mtu aliyepungua, kama gunia lililotoboka njiani. Aliyerukwa na akili alikuwa nazo, zikaruka zenyewe kama kuku aliyeachiwa mlango. Majinuni amevamiwa na majini, na mwendawazimu ana undugu na mizimu, kwa kuwa mzizi ni mmoja. Hata hivyo tunayatumia yote kana kwamba ni neno moja, na tunamtupia mtu yeyote ambaye jambo lake haliingii akilini mwetu: mgonjwa, mpenzi, mcha Mungu, mcheza kamari, mtoto, mbuzi. Nimeishi na mgonjwa wa akili nyumbani kwa karibu miaka 20, na nimekuja kuamini kwamba mengi tuliyomkosea yalitokana na uvivu huo wa kutotenganisha.

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mzee mpole aliyetufundishia barazani kwake, ndiye aliyenipa kipande cha kwanza cha jambo hili bila kukusudia. Alikuwa akieleza neno "akili" lilikotoka katika Kiarabu, akasema mzizi wake unahusu kumfunga ngamia: mguu wa mbele hukunjwa gotini, ukazungushiwa kamba, mnyama akabaki palepale hata mwenyewe akienda kulala. Kamba hiyo ndiyo ikali, na ikali nyingine ni ile pete nyeusi ambayo Waarabu huiweka kichwani juu ya kilemba. Tulicheka sana, kwa sababu tulikuwa Ngamiani, mtaa ambao jina lake lenyewe linataja ngamia, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona ngamia akipita Barabara ya 12. Mzee akaendelea. Akasema "sababu" nayo, katika Kiarabu cha zamani, ni kamba: ile ya kuteremkia kisimani au kupandia mtende, na katika Surat al-Hajj mtu anaambiwa anyooshe hiyo sababu mpaka mbinguni kama anaweza.

Kwa hiyo maneno mawili tunayoyategemea zaidi tunapomhukumu mwenzetu kwamba ana busara au hana, yote mawili ni kamba. Kwa mtu wa Tanga habari hii haiwezi kupita hivihivi. Mji huu umelelewa na kamba. Miche 62 ya mkonge iliyosalimika katika safari ndefu kutoka Florida mwaka 1893, na kupandwa karibu na Pangani, ndiyo iliyoleta mashamba, wahamiaji kutoka kila upande, na mjomba wangu pia. Lakini kamba hizi mbili hazifanyi kazi moja, na hapo ndipo penye uzito. Ikali hufunga, humzuia mnyama asiende. Sababu huvuta, hukutoa hapa ikakufikisha pale. Mtu anaweza kupoteza ile ya kwanza akabakiwa na ile ya pili, ikiwa nzima kabisa, tena ndefu kuliko ya watu wengine wote.

Mjomba alikuwa karani wa mizani katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zilipotoka korona, ile mashine ya kuchakata majani yake, zikaanikwa, zikapigwa brashi na kufungwa marobota ya kilo 250, yeye ndiye aliyekuwa akiandika. Alikuwa na mwandiko wa kupendeza, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Alipoanza kuugua hakuacha kuandika. Nilizipata daftari zake baada ya miaka mingi ndani ya sanduku la bati, na ninayo moja hapa mezani. Ukurasa mmoja unasomeka hivi, nami nimesahihisha nukta tu: "Jumanne. Lori la bluu limepita saa 4. Mwenye kofia hakunitazama. Kila mtu hutazama anapopita mizani. Asiyetazama amekatazwa kutazama. Aliyemkataza anajua nipo. Anayejua nipo amehesabu marobota." Chini ya maneno hayo kuna hesabu ya namba za lori, zimejumlishwa vizuri, zikatoa siku ya mwezi ambayo, kwa maelezo yake, wangekuja kumchukua.

Soma tena sentensi hizo. Hakuna hata moja iliyoruka. Kila moja imeshika mkia wa iliyotangulia, na laiti mwanafunzi wa mantiki angeandika hivyo katika mtihani, mwalimu wake angemtia alama nzuri. Mjomba hakuwa mtu asiye na sababu. Alikuwa mtu asiyeweza kuacha chochote kibaki bila sababu. Dereva aliyekuwa na usingizi, au aliyekuwa akiwaza deni lake, hakuruhusiwa katika dunia ile kugeuza shingo hivihivi tu. Wahenga walikwisha kusema kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nimeona kwa macho yangu ukurasa baada ya ukurasa wa akili za namna hiyo, zisizo na mtu wa kuzifunga mguu.

Ni rahisi kusema kwamba huo ni ugonjwa, nasi wazima tuko salama. Sina hakika. Mapema Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, wakashindwa na jeshi la Mjerumani lenye watu takriban 1,000. Zaidi ya 800 upande wa Waingereza waliuawa au kujeruhiwa. Katikati ya mapigano, mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini ilipasuliwa na risasi, nao nyuki wakatoka wakawauma wa pande zote mbili bila kuuliza sare. Nyuki wale hawakuwa na akili wala hawakuwa wamerukwa na akili. Hawakuwa upande wowote wa neno hilo. Nyumba yao ilivunjwa, wakauma. Lakini baada ya kushindwa, uvumi ulienea kwamba Wajerumani walikuwa wameitega ile mizinga kwa nyaya ili nyuki watoke kwa wakati uliopangwa. Kwa watu wenye vyeo na elimu, jeshi kubwa kutimuliwa na wadudu wasiokuwa na nia lilikuwa jambo lisilovumilika kuliko kutimuliwa na adui mwerevu kupita kiasi. Wakatafuta waya. Ni ukurasa uleule wa mjomba, isipokuwa hakuna aliyewafunga kitandani.

Kuna kutokuwa na akili kwa namna ya nyuki, basi, na hakuna aibu wala tuzo ndani yake. Jiwe, maji kupwa, mbuzi, mtoto wa wiki mbili: kamba haijafungwa, na huwezi kuilaumu kamba ambayo haijawahi kuwepo. Wagiriki, ambao zamani walikuwa na mashamba mengi ya mkonge katika mkoa huu, wana neno la kale, "alogos", lenye maana ya kitu kisicho na neno au hoja, na kutokana na hilo lugha yao ya leo humwita farasi "alogo". Nadhani farasi hajali.

Neno hilohilo la Kigiriki lilitumika pia kwa namba, na hapa nina kisa kidogo. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukiongeza chumba nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Makorora hapa Tanga, mita 4 kwa mita 4. Fundi alifunga uzi kwenye vigingi, akapima 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, akatafuta 5 mshazari, kona ikawa sawa. Kisha, ili kuhakikisha chumba hakijapinda, alinipa ncha ya futi kamba nikasimama kona moja naye akaenda ya pili, tukapima mshazari wa chumba kizima. Akasoma: mita 5, sentimita 65, na vijimilimita. Nikamuuliza vingapi. Akasema sita, saba hivi. Nilikuwa na simu, nikapiga hesabu: 5.65685, na tarakimu zinaendelea. Nikamweleza kwamba urefu ule, hata tungekuwa na kipimo cha kutazama punje ya vumbi, usingeisha kuandikwa, kwa kuwa hakuna namba mbili nzima ambazo ukizigawanya zitaupata barabara. Alinisikiliza kwa adabu, akakunja futi kamba, akasema, "Zilizobaki zitamezwa na plasta."

Namba za namna hii zinaweza kukutwa katika lugha kadhaa za Ulaya zikiitwa kwa jina lilelile wanaloitwa watu wasio na akili, kwa kuwa Kilatini kilitumia neno moja kwa uwiano na kwa akili. Wanahisabati wa Kiarabu waliziita namba viziwi. Unaiita, haikuitikii kwa hesabu unayoijua. Jina hilo lilinipendeza tangu nilipolisoma, kwa sababu halisemi kwamba namba imeharibika. Mshazari wa chumba cha dada yangu upo, una mwanzo na mwisho, nimeushika kwa mkono wangu. Kilichopungua si kitu chenyewe bali ni kipimo tulichokwenda nacho.

Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliliweka jambo hili kwa mfano wa mizani, na ningependa mjomba angeusikia akiwa bado kazini. Alisema akili ni mizani ya kweli, isiyodanganya. Lakini anayetaka kuitumia kupimia mambo ya Mwenyezi Mungu na ya akhera ni sawa na mtu aliyeona mizani ya sonara ikipima dhahabu, akatamani kuipimia milima. Mizani haijakosea. Mlima nao haujakosea. Kosa ni la aliyeubeba mlima akauleta dukani. Mfano huu unawakera watu wa pande mbili, na hiyo ndiyo sababu ninauamini: unamkera anayedai kwamba kisichopimika hakipo, na unamkera vilevile yule ambaye kila anapobanwa na hoja hukimbilia kusema kwamba jambo lake limepita akili, wakati ni robota la kawaida kabisa la kilo 250 ambalo hataki lipimwe.

Wa namna hii ya pili tunao tele. Aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili husema ni mipango ya Mungu.

Mama mkubwa ni mtu wa aina nyingine. Aliolewa akakaa miaka sita bila mtoto, na katika miaka hiyo alikwenda mapango ya Amboni zaidi ya mara moja, kwenye ule mzimu ambao watu hupeleka marashi, ubani na visarafu na kuomba uzazi. Alikwenda pia kliniki, na kadi zake alizihifadhi ndani ya Msahafu. Nilipokuwa kijana wa sekondari, nikiwa nimesoma vitabu viwili na kujiona nimevisoma vyote, nilimwuliza kwa kiburi kama anaamini kweli kwamba chupa ya marashi ndani ya pango la mawe ya chokaa inaweza kumpa mtu mimba. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenye homa. Akasema, "Mwanangu, dawa nilimeza za daktari. Kule nilikwenda kulia." Sikuwa na la kujibu, na hata leo sinalo. Mwaka wote ule nilidhani anafanya kosa la hesabu, kumbe hakuwa akipiga hesabu yoyote. Wenye elimu ya dini mtaani walimwonya kwa hoja yao wenyewe, tena hoja nzito, nami siitetei ziara ile mbele yao. Ninachosema ni kwamba yeye na mjomba hawakupaswa kuwekwa katika neno moja, na nyumbani kwetu waliwekwa. "Wote hamnazo," baba alikuwa akisema, akicheka.

Nirudi kwa mjomba, maana nimezunguka ili nisifike hapa. Ugonjwa ulipopanda, usiku mmoja wa mwaka 1993, alitoka na panga kwenda kulisubiri lile lori. Hakumdhuru mtu. Wajomba wengine na majirani walimzunguka, wakamlaza, wakamfunga kwenye kitanda cha kamba, mikono na miguu, kwa kamba ya mkonge. Alikaa hivyo siku tatu, siku moja akisubiriwa mganga wa kupunga, siku mbili zikitafutwa nauli na gari. Nilitumwa kumpelekea uji. Singa zilikuwa zimemla vifundo vya mikono, na kwenye kitambaa walichomwekea baadaye palikuwa na duara mbili za rangi ya kutu. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya ofisini, kwamba fundo lile limefungwa vibaya, kwamba fundo la robota haliwi hivyo, akanieleza lilivyopaswa kuwa. Alikuwa sahihi.

Mkoa wetu una hospitali ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, milimani Korogwe, tangu wakati wa Mjerumani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mwaka 1993 jambo hili lilikuwa geni. Tulifunga kwa sababu tuliogopa, na kuogopa kule kulikuwa na haki yake. Lakini sikumbuki hata mtu mmoja katika siku zile tatu aliyemwambia mjomba habari yoyote. Walisema juu yake, si naye. Mlango ulikwisha kusukumwa, taarifa ikatolewa: hamna.

Sheria ina uangalifu zaidi kuliko sisi. Mtume amesimuliwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka azipate akili. Angalia lile "mpaka". Aliyelala hakutolewa nyumbani, ametoka kidogo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo, katika kifungu cha 13, haiulizi kama mtu ni kichaa, swali ambalo mtaani tungelijibu kwa sekunde moja. Inauliza kama wakati wa kutenda, kwa maradhi ya akili, hakuweza kuelewa anachofanya, au hakuweza kujua kwamba hapaswi kukifanya, au hakuwa na uwezo wa kujizuia. Ni maswali tofauti, na mjomba angeyajibu kwa namna tofauti. Alielewa kwamba ameshika panga. Alijua kuua ni haramu. Kamba iliyokatika ilikuwa ya tatu, ile ya ngamia.

Alipelekwa hospitali, akapewa sindano na vidonge, akarudi baada ya miezi mitano akiwa mnene na mzito wa ulimi. Alirudi hospitali mara mbili tena katika miaka iliyofuata. Dawa hazikumrudishia kitu kilichokuwa kimetoka, kama jina tulilompa lilivyodai. Nionavyo mimi zilimpunguzia. Kidogo kidogo lori likaanza kupita likiwa lori. Mwenye kofia akawa mtu mwenye kofia. Daftari za miaka ile zina kurasa zilizoandikwa tarehe tu, halafu mistari mitupu, na nilipozikuta nilidhani mwanzoni kwamba ni dalili ya kudhoofika.

Kiswahili kina neno "bure", ambalo wageni wanaojifunza lugha hii hulilalamikia kwa kuwa halitulii mahali pamoja. Nimepewa bure, yaani bila malipo. Nimekwenda bure, yaani bila faida. Amenipiga bure, yaani bila sababu. Mjomba mgonjwa hakuwa na matumizi ya neno hilo hata kidogo. Sikulikuta popote katika daftari nne za mwanzo, nami nimetafuta.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa akikaa barazani asubuhi, na shamba moja lilikuwa likimgawia mtoto wa jirani singa fupi zisizofaa kuuzwa. Mjomba alizilowesha, akazipota kwenye paja, uzi kwa uzi, akaunganisha nyuzi tatu, akasokota kamba ndefu mno. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka kwa dawa lakini kamba haikutetemeka. Siku moja nilikaa naye, nikamwamkia, akaitikia, tukanyamaza. Baada ya muda nikamwuliza anamsokotea nani.

"Nasokota bure tu," alisema.

Mama mkubwa alipita na beseni la nguo, akakata kipande cha mita kama 5 hivi, akakifunga kutoka dirishani hadi kwenye mpapai, akaanza kuanika.